Mwalimu Anayechuchumaa

Kifuu ni kimoja, kile kilichotobolewa matundu madogo ya kuchujia mchanga, na watoto wawili wa miaka minne wamekishika kila mmoja upande wake. Huyu anavuta, mwenzake anavuta, kisha mkono mmoja unaachia na kuinuka juu tayari kupiga. Aliyeuona mkono unakuja anapiga kelele: "Mwalimu, kaninyang'anya!"

Mwalimu wa darasa hili la maandalizi, katika kijiji kimoja cha Unguja, ameshaanza kuja kabla hajaitwa. Hakimbii. Haiti jina la mtu kutoka mlangoni. Anafika, anachuchumaa mpaka macho yake yanalingana na yao, anauteremsha taratibu ule mkono ulioinuliwa, kisha anaweka kiganja chake juu ya kifuu. "Nitakishika mimi kwanza, wanangu, mpaka tuzungumze." Hajakitwaa wala hajampa mtu. Kipo palepale katikati, wote wanakiona, ila hakuna tena cha kuvuta.

"Wewe umekasirika, baba, nakuona," anamwambia mmoja. "Na wewe moyo unakwenda mbio." Halafu ananyamaza, anawaacha wapumue. Pumzi zikishashuka ndipo anauliza kumetokea nini. Anamsikiliza mmoja hadi mwisho huku mkono wake mwingine uko begani kwa yule anayesubiri zamu ya kusema. Akishawasikia wote wawili, anawarudishia maneno yao wenyewe: kifuu kimoja, watoto wawili, kila mmoja anataka kuchuja. "Sasa tufanyeje?"

Hapo ndipo ninapomstahi zaidi, kwa kuwa baada ya swali hilo hasemi kitu, na kimya kinaweza kurefuka. Mtu mzima yeyote aliyesimama karibu anayaona majawabu matatu tayari, na ulimi unamwasha. Mwalimu anayo mengi kuliko sisi, na anayazuia. Mtoto wa kwanza anatoa pendekezo lake: "Nipe mimi." Mwalimu halikatai. "Ukipewa wewe, mwenzako atafanya nini?" Kimya tena. Kisha yule wa pili, machozi hayajamkauka, anasema yeye atakuwa anatia mchanga na mwenzake achuje, halafu wabadilishane. Mwalimu anamgeukia wa kwanza kumwuliza kama ameridhika, naye anaitikia kwa kichwa. Mchanga unaanza kumwagika.

Ukubwa wa kazi hii uko zaidi katika yale ambayo hakuyafanya. Hakuuliza nani kaanza. Hakumwambia mkubwa amwachie mdogo. Hakukiweka kifuu juu ya kabati ili wote wakose. Hakuwaamuru waombane samahani. Wengi wetu tumelelewa na yote manne, na tuliokoka, lakini tulijifunza mambo mengine mbali na yaliyokusudiwa. Swali la nani kaanza lilitufundisha kuwahi kusema kabla ya mwenzetu. Kifuu kilichowekwa juu ya kabati kilitufundisha kugombana chinichini, mahali mkubwa hafiki. Samahani ya kulazimishwa ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mtoto huitamka akitazama vidole vyake vya miguu, kesi inafungwa, na donge limebaki palepale kooni kwa wote wawili. Ni neno zuri mno kutumiwa kwa kumaliza kesi tu. Mwalimu huyu hulitumia yeye mwenyewe: akimkanyaga mtoto kwa bahati mbaya, huomba radhi kwa sauti mbele ya darasa zima, na watoto huliokota hapo kwa wakati wao.

Anayezijua mbinu za HighScope, mfumo wa kufundisha watoto wadogo, atazitambua hatua zake: kusogea kwa utulivu na kuzuia madhara, kuzitaja hisia, kukusanya maelezo, kulieleza tatizo upya, kuomba mapendekezo na kuchagua moja kwa pamoja, kisha kubaki karibu kwa msaada utakaohitajika. HighScope ilianzia mbali sana na Unguja. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, David Weikart na wenzake walifungua darasa la watoto wa miaka mitatu na minne kutoka familia maskini za Wamarekani weusi. Katika miaka iliyofuata waliingizwa kwenye utafiti watoto 123. 58 walipata nafasi darasani na 65 hawakupata. Waliopata nafasi walipanga wenyewe kila asubuhi watakachofanya, wakakifanya, kisha wakaeleza walichofanya, na kila wiki mwalimu alikwenda kuwatembelea nyumbani.

Yaliyotokea baadaye ningependa kila ofisa elimu ayasome polepole. Mwanzoni watoto wa darasa lile waliwapita wenzao katika vipimo vya akili. Baada ya miaka michache ya shule ya msingi tofauti hiyo ikayeyuka, na kama watafiti wangefunga majalada wakati huo, mradi mzima ungehesabiwa kuwa umeshindwa. Hawakufunga. Waliendelea kuwafuata hadi walipofika umri wa miaka 40, na wakaona kwamba waliopitia darasa lile walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, walikuwa na kipato kikubwa zaidi, na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, alizichambua takwimu hizo na wenzake, na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida ilikuwa imepitia kwenye tabia: jinsi mtoto anavyojizuia, anavyoishi na wenzake, anavyoikabili ghadhabu yake mwenyewe. Kile ambacho mtihani haukukiona ndicho kilichodumu.

Mwambao wetu uliipokea mbinu ya HighScope kupitia mikono ya wanawake wa hapahapa. Mwaka 1986, Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya kuwaandaa walimu wa chekechea za jamii chini ya mpango wa Madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wazazi wa Kiislamu wa pwani walitaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari, bila kuiacha dini yao wala mila za nyumbani. Kwa hiyo Kurani, nyimbo za Kiswahili na hadithi za mabibi zikawekwa chumba kimoja na mtindo wa kupanga, kutenda na kueleza. Vifaa vikaokotwa palepale: vifuu, kombe za pwani, vizibo, mbegu, vipande vya mbao kutoka kwa seremala. Wengi wa walimu walikuwa wanawake wa mitaa na vijiji hivyohivyo, waliosoma kwa kadiri walivyojaaliwa, na wakafunzwa wakiwa kazini. Mkufunzi aliingia darasani, akakaa, akatazama, wakazungumza, akaondoka, akarudi tena.

Sioni njia nyingine ya kuufundisha ufundi huu. Mtu anaweza kukariri hatua sita usiku mmoja. Kuzitumia saa nne asubuhi, joto limepanda, watoto thelathini wanapiga kelele na mmoja wao amekung'ata mkono, hilo linataka mtu aliyekuwapo pembeni yako na kukuona.

Sehemu kubwa ya kazi yenyewe hufanyika kabla watoto hawajafika. Mwalimu hupanga kona za ujifunzaji: kona ya nyumbani yenye vikombe, sufuria na kanga kuukuu, kona ya ujenzi, kona ya vitabu, mchanga na maji karibu na mlango. Kona ya vitabu haipakani na ya ujenzi, maana mnara ukianguka juu ya mtoto aliyezama katika picha, vita vimeanza. Njia baina ya kona ina upana wa watoto wawili kupishana bila kusukumana. Vitu vinavyopendwa sana vipo viwili viwili au vitatu vitatu. Na kifuu chenye matundu ni kimoja kwa kusudi. Angeweza kutoboa cha pili kwa msumari uliopashwa moto, kazi ya muda mfupi tu. Anaacha uhaba mdogo, wa kiasi ambacho mtoto wa miaka minne anaweza kuubeba, mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kufika kwa hatua chache. Sijui kipimo kigumu zaidi ya hicho katika kazi yoyote ya mikono. Ukizidisha uhaba, watoto wanaumizana. Ukiuondoa wote, hawana cha kujifunzia.

Kisha anasimama mlangoni. Watoto wanaingia mmoja mmoja, salamu na mkono, na katika mkono ule anasoma mengi. Kiganja cha moto ni homa inayokuja. Vidole vilivyolegea ni mtoto asiyelala. Yule ambaye kila siku humrukia na leo anapita ukutani ana jambo la nyumbani: pengine mama amesafiri, pengine usiku kulikuwa na maneno makali, pengine amezaliwa mdogo mtu na yeye sasa halali tena ubavuni mwa mama. Mwalimu hamhoji. Anamwita amsaidie kugawa vikombe vya uji, kazi inayomweka karibu naye bila kumfanya atazamwe na wenzake. Mara nyingi habari yenyewe hutoka saa moja baadaye, vikombe vikiwa mkononi, ikisemwa kama jambo la kupita tu.

Kuna ahadi ndogondogo mia katika asubuhi moja, nazo ndizo msingi wa yote. "Zamu yako inakuja." "Nikimaliza na mwenzako nakuja kwako." Katika darasa hili chupa mbili za maji zimeunganishwa midomo, ndani mna mchanga mkavu. Zikigeuzwa, mchanga ukiisha kushuka, aliyeketi kwenye bembea anateremka. Mtoto aliyesimama anaangalia mchanga badala ya kumwangalia adui. Chupa hizo zina nguvu kwa sababu mwalimu hajawahi kumruka mtu mchanga ulipokwisha.

Ushahidi wa jambo hili upo. Wengi wamesikia majaribio ya Walter Mischel katika chekechea ya Bing, Chuo Kikuu cha Stanford, ambako mtoto aliachwa na tamutamu moja mezani na kuambiwa akingoja atapewa mbili. Kwa miaka mingi watu walilisimulia jaribio hilo kana kwamba linapima kitu ambacho mtoto amezaliwa nacho. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha jaribio lao na watoto 28, na walianza mapema zaidi. Kabla ya tamutamu, kila mtoto aliahidiwa na mtu mzima vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu yao ahadi ilitimizwa. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu na kuomba radhi. Kisha ndipo tamutamu ikaletwa. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa walingoja kama dakika tatu tu. Mtoto anayekimbilia kula huenda amehesabu vizuri kabisa kwa kadiri ya watu anaoishi nao. Anayetaka watoto wenye subira aanze kuchunga neno lake mwenyewe, na katika hili mwalimu wa awali yuko kwenye mizani kutwa nzima.

Bettina Lamm na wenzake walilipeleka jaribio la aina hiyo kwa watoto wa miaka minne wa Kinso, kaskazini-magharibi mwa Kamerun, wakawalinganisha na watoto wa mijini Ujerumani. Wanso walipewa andazi la kwao. Karibu saba katika kila kumi walingoja mpaka mwisho, baadhi yao wakisinzia kitini. Kwa Wajerumani walikuwa chini ya watatu katika kila kumi. Wazazi wa Kinso hulea watoto wao tangu uchanga kuwa watulivu na wenye kuwasikiliza wakubwa. Msomaji wa pwani ataona hapo kitu cha kwao, kwa kuwa adabu, haya na stara ni mambo tuliyofundishwa kabla hatujajua kuhesabu, na ni furaha kuona utafiti ukikiri kwamba malezi ya Kiafrika yana lake la kufundisha kuhusu kujimudu.

Lakini hapo panahitajika jicho la fundi. Utulivu wa mtoto aliyejimudu na ukimya wa mtoto aliyeogopa huonekana sawa kwa mgeni aliyeingia darasani kwa nusu saa. Wakaguzi wamewahi kulisifu darasa kwa ukimya ambao chanzo chake kilikuwa fimbo iliyolazwa mezani. Kenya iliipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001. Kwingineko bado inatetewa, hata mbele ya watoto wadogo kabisa. Mtoto anayechungwa na fimbo hujifunza kutazama mwalimu ameelekea wapi, na huo ni ujuzi tofauti kabisa. Mwalimu wetu huwatofautisha kwa mambo madogo. Aliyetulia hukutazama usoni ukimsemesha. Aliyeogopa hutazama mkono wako. Aliyetulia akivunja kikombe hukuletea vipande. Aliyeogopa huvificha chini ya jamvi. Kwa yule wa pili mwalimu anaweza kuchukua muhula mzima, akikaa upande wake bila kudai neno, akimpa vitu vya kubeba, akivunja kikombe mwenyewe siku moja na kuviokota vipande mbele yake bila haraka.

Kuna mchezo ambao kila aliyekulia Tanzania anaujua, ule wa nyama. Kiongozi anataja mnyama. Akiwa wa kuliwa, wote wanaruka na kuitikia. Akitaja paka au punda, unatakiwa ubaki chini kimya. Watoto wanauona wa kuchekesha, na ni wa kuchekesha kweli. Ndani yake mna zoezi zito: mwili umeshapata kasi ya kuruka, na akili inatakiwa iukamate hewani. Wanasaikolojia hutengeneza mazoezi kama hayo kwa makusudi, wakimtaka mtoto aguse vidole vya miguu anapoambiwa aguse kichwa, ili kupima uwezo wa kujizuia. Bibi zetu hawakuhitaji maabara. Mwalimu anayejua anachokifanya huuongeza mwendo polepole siku hadi siku, na huwapa uongozi wale wanaokosea sana, maana anayeongoza hulazimika kufikiri kabla ya kutaja.

Nikitafuta mtu wa kumweka kando ya walimu hawa, humfikiria Vivian Gussin Paley, aliyefundisha chekechea kwa miaka mingi katika Shule za Maabara za Chuo Kikuu cha Chicago na kufariki mwaka 2019. Mwaka 1989 alipewa tuzo ya MacArthur, ambayo kwa kawaida huenda kwa wanasayansi na wasanii, akiwa bado anafundisha watoto wadogo. Aliweka kinasa sauti darasani na kuyasikiliza tena maneno ya watoto baada ya kazi, kwa kuwa alijua kwamba mengi yanampita mwalimu wakati anayashughulikia. Njia yake kuu ilikuwa hadithi. Mtoto alimsimulia, naye akaandika neno kwa neno, makosa kwa makosa. Siku hiyohiyo darasa likaigiza, na mwenye hadithi akachagua awe nani. Mtoto mwenye wivu wa mdogo wake alisimulia simba aliyemla mtoto mchanga, na hakuna aliyemkaripia simba. Wenzake waliigiza, wakasikia, na mara nyingi siku chache baadaye simba akapata rafiki.

Paley alilishughulikia pia jeraha ambalo watu wazima hulipuuza kwa urahisi kuliko yote: "Wewe usicheze nasi." Katika kitabu chake cha mwaka 1992 anaeleza jinsi alivyofikia kanuni ya kwamba katika darasa lake hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzako hivyo. Ninachokiheshimu ni mwendo wake. Hakuibandika ukutani siku ya kwanza. Aliizungumza kwanza na watoto wake, kisha akapanda hadi madarasa ya wakubwa wao kuwauliza kama ni ya haki na kama inawezekana, akisimulia hadithi ya ndege aliyoibuni ili kuwapa mahali pa kufikiria. Wakubwa walimwambia kwamba ni ya haki, ila wao wamechelewa, aianze na wadogo. Na wengine wakamweleza, miaka mingi baada ya tukio, nani aliwafukuza kwenye mchezo na siku hiyo walikuwa wamesimama wapi.

Sisi tuna hazina yetu ya aina hiyo. Mwalimu akisema paukwa, darasa zima likajibu pakawa, tayari watoto thelathini wamepumua pamoja. Hadithi ya sungura na fisi inapofika mahali fisi anadanganywa, mwalimu anaweza kusimama na kuuliza fisi anajisikiaje sasa. Wa kwanza watasema amekasirika, kwa kuwa mtoto mdogo huanza na hasira kwa kila kitu. Mwingine atasema ana aibu. Mwingine, ambaye hukutarajia, atasema fisi yuko peke yake. Siku nyingine, kwenye bembea, utamsikia mtoto huyohuyo akisema juu ya mwenzake: "Mwacheni, ana aibu." Haikuchukua zaidi ya hadithi moja iliyosimamishwa mahali pake, na mwalimu aliyelikumbuka swali.

Naye mwalimu ana moyo wake. Ameamka alfajiri, amepika, mtoto wake mwenyewe ana kikohozi, mshahara umechelewa. Kiwango kinachotajwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na kila anayezitembelea shule zetu anajua kinavyopitwa. Kuna saa ambapo hasira inampanda na yeye. Nimeona anachofanya. Anasema kwa sauti ya kawaida: "Mwalimu amechoka kidogo, anakwenda kunywa maji," anakwenda kwenye mtungi palepale pembeni, anakunywa huku akiwatazama, anarudi. Watoto wanaona mtu mzima aliyekasirika ambaye hakupiga wala kutukana. Kwa baadhi yao ni mara ya kwanza kuona.

Wazazi hudai daftari. Mtoto akirudi, swali ni moja: kasoma nini leo? Ukurasa wenye herufi a ishirini unaonekana. Dakika za kifuu hazionekani, na hakuna alama ya tiki inayoweza kupigwa juu yake. Siwalaumu wazazi. Wanalipa ada kwa jasho na wana hofu ya mtoto kuachwa nyuma. Mwalimu hawalaumu pia, na kila muhula huwaita asubuhi moja waje wakae kwenye kona pamoja na watoto, baba wa watu amekunja magoti kwenye kona ya nyumbani akipikiwa wali wa mchanga. Anawaomba jambo moja tu: mtoto wako akigombana na mwenziwe, usiingilie mpaka nifike. Kwa wengi huo ndio mtihani mgumu wa siku.

Binti anayeanza kazi akiletwa kwake, hamkabidhi watoto mara moja. Humpa daftari, kigoda na kazi moja kwa wiki ya kwanza: aandike watoto wanasema nini, kwa maneno yao wenyewe, bila kuwaingilia isipokuwa pana hatari ya mtu kuumia. Binti huona ni kazi nyepesi hadi saa tano, mkono unapomuuma na hajui tena anaandika la nani. Mchana, watoto wakishachukuliwa, wanaketi wawili kwenye jamvi na binti anasoma. Ugomvi wa kifuu umo, umeandikwa vizuri. Harusi ya kona ya nyumbani imo, na bibi harusi aliyekataa kuolewa. Wimbo ulioimbwa vibaya makusudi umo. Mwalimu anasikiliza hadi ukurasa wa mwisho, anacheka panapochekesha, kisha anamwuliza habari za mtoto aliyekaa karibu na dirisha asubuhi nzima. Binti anarudi nyuma kurasa, anapekua, jina halimo.

"Basi kesho," anamwambia, "hamishia kigoda chako upande ule."